Mama Marcelina na Vitabu Visivyogongwa Muhuri

Ukimsalimia Mama Marcelina asubuhi, usitegemee akujibu "salama". Atakuambia, "Nimechoka, Fundi," halafu atakusogezea kiti. Mwanzoni nilidhani ni utani wake wa kuanzia siku. Baadaye nikaelewa kuwa mwenzangu anasema kweli tupu. Alichoshwa na mchwa, alichoshwa na bati lililokuwa likivuja juu ya rafu ya vitabu vya kilimo, alichoshwa na miguu yake iliyovimba kila ikifika saa nane mchana. Kuliko vyote alichoshwa na watu wanaoingia maktaba, wanazunguka vyumba vyote viwili, wanatazama vitabu elfu moja na mia mbili, kisha wanauliza choo kiko wapi.

Mimi ni Uwesu, fundi redio wa Ng'ambo, hapa Tabora. Kibanda changu kilitazamana na mlango wa maktaba yake. Siku hizi redio za kutengeneza ni za kuhesabu. Naletewa chaja na spika zilizoingia maji. Mtu mwenye kazi chache namna hiyo akiona mlango uko wazi upande wa pili wa barabara, ataingia tu hata kama hana shida. Niliingia mara ya kwanza kuomba gazeti la kufungia vifaa. Mama Marcelina akanitazama juu ya miwani, akasema gazeti hatoi, lakini kama mimi ni fundi redio, nikae pale kwenye kompyuta.

Kompyuta ilikuwa moja, nzito, inanguruma. Akanifungulia tovuti yenye tufe la dunia lililojaa vidoti vya kijani. Kila kidoti ni mji, ukikibonyeza unasikia redio ya mji ule, muda uleule. Nilikaa pale mpaka adhuhuri ikanipita. Nilisikia mtu anasoma taarifa ya habari kwa lugha nisiyoijua, katika kisiwa cha baridi nisichokijua, na nyuma yake nikasikia mtu mwingine anakohoa. Miaka thelathini nimefungua redio matumbo, sijawahi kuwaza kuwa kule mwisho wa waya kuna mtu ana mafua.

Basi hivyo ndivyo alivyonasa watu. Kila Jumatatu alikuwa anaandika kwa chaki, kwenye ubao wa mlangoni, mambo matatu ya wiki: kitabu, tovuti, na kioja. Kitabu na tovuti kila mtu anaelewa. Kioja kilikuwa kitu cha kwenda kukiona, kukionja au kukifanya mwenyewe hapahapa Tabora. Onja asali ya mwezi wa sita na ya mwezi wa kumi na moja, useme rangi gani ina uchungu. Nenda karibu na stesheni jua likizama, sikiliza reli inavyolia ikipoa. Muulize bibi yako majina matano ya mvua kwa Kinyamwezi kabla hajaondoka nayo. Kuna wiki alipendekeza kitabu kimoja kinene kuhusu wapagazi wa misafara, wale babu zetu waliobeba pembe na nguo kati ya hapa na pwani, na chini yake akaandika kioja: "Usikifungue kabla hujabeba kilo thelathini kwa miguu mpaka Kwihara."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mama Marcelina, wewe unataka kuniua nisome nikiwa marehemu."

"Basi usisome," akasema. "Nimechoka na watu wanaosoma shida za wenzao wamekunja nne."

Nikaudhika, nikachukua kiroba cha mchele dukani kwa jirani, nikaanza safari. Hata nyumba za mwisho za mji sikuzimaliza. Shingo iligoma, nikarudi na bodaboda, kiroba mapajani, mtaa mzima unanitazama. Lakini kitabu kile nilikisoma kwa adabu ambayo sijawahi kuwa nayo mbele ya kitabu chochote.

Sasa nieleze kosa lake, maana bila kosa hilo hadithi hii isingekuwapo. Maktaba ile ilikuwa mali ya jumuiya moja yenye maktaba ndogondogo huku magharibi, na jumuiya ilikuwa na masharti yake. Kutoka na kitabu lazima uwe na kadi. Kupata kadi lazima uwe na picha mbili, barua ya mtendaji wa mtaa, na mdhamini mwenye ajira. Hebu nitafutie Ng'ambo mdhamini mwenye ajira! Huku kuna mafundi cherehani, wauza ndala, wachoma nyama, mama ntilie. Mwenye ajira akipatikana, ni wa kumdhamini mdogo wake kwanza.

Kwa hiyo Mama Marcelina alikuwa anaazimisha kwa kichwa. Anakifunga kitabu kwenye kanga yake kuukuu au mfuko wa unga, anakupa, anasema, "Jumatatu." Hakuandika kwenye daftari, hakugonga muhuri wa tarehe kwenye ile karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada. Angeandika nini, na jina lako halina kadi? Alikuwa akijua nani ana nini na tangu lini. Zuwena wa mgahawa wa pembeni alikuwa na kitabu cha magonjwa ya wanawake, alisoma huku maharage yanachemka. Modest, mkulima wa tumbaku, akija mjini alibeba viwili vya sheria za ardhi, kwa sababu alikuwa na kesi ya mpaka na shemeji yake. Mimi nilikuwa na cha nyuki. Alinipa yeye mwenyewe, nikamwambia sina mzinga hata mmoja, akasema ndiyo maana ananipa.

Miaka ishirini na moja vitabu viliingia na kutoka mlango ule, vikarudi vinanuka moshi na vitunguu. Vichache sana havikurudi. Na daftari la maktaba, ukilifungua, lilionyesha kwamba mwaka jana mzima vilivyoazimwa ni vitabu arobaini na kimoja.

Mwezi Februari ikaja barua. Jumuiya inapunguza matawi. Maktaba inayoazimisha chini ya vitabu mia tano kwa mwaka itafungwa, vitabu vyake vihamishiwe tawi la Nzega. Mkaguzi atakuja Machi kuhesabu. Mama Marcelina alikuwa amebakiza miezi saba kustaafu. Alikuja kibandani kwangu na barua mkononi, akakaa juu ya betri ya gari, akanisomea yote, hata jina la aliyeisaini.

"Jaza daftari," nikamwambia. "Una muhuri, una kalamu, una wiki tatu. Mimi nitakusaidia kubadilisha miandiko."

"Sighushi, Fundi."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitamwambia mkaguzi nilivyokuwa nikifanya. Na nyinyi mkiulizwa, semeni kweli. Semeni mnaondoka na vitabu, semeni mmesoma nini. Wakiniadhibu, waniadhibu. Msinijali mimi."

Msinijali mimi! Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu, na kwa akili zangu timamu.

Kwetu, mgeni akisema ameshiba unamwongeza chakula. Mtu akisema "usijisumbue", unajisumbua mara mbili. Mgonjwa akisema msije, mnakwenda na themosi ya uji. Hivyo ndivyo mama zetu walivyotulea, na mtu anayechukua maneno ya namna hiyo kama yalivyosemwa anaonekana hana malezi. Basi niliposikia "semeni kweli, msinijali", nilichosikia mimi ni mwanamke mwenye heshima zake anatuachia sisi kazi ya kumsitiri. Sikukumbuka kwamba Mama Marcelina ni mtu wa kijijini Kigwa, binti wa mkulima, na kwao mtu akisema ameshiba anasukuma sahani, basi. Miaka yote ile alikuwa akisema "nimechoka" kwa sababu amechoka. Ningepaswa kujua.

Nikapita mtaani. Nikawaambia Zuwena na wengine: mkaguzi akiuliza, hakuna aliyewahi kutoka na kitabu. Tunasoma mlemle ndani. Mama wa watu asije akapoteza kiinua mgongo chake kwa ajili yetu. Hakuna aliyebisha. Ng'ambo mtu mwenye faili akiuliza jambo, jibu la kwanza ni "hatujui", na hilo halihitaji kikao.

Mkaguzi alikuja siku ya Jumanne, kijana mpole anaitwa Erasmus, kanisalimia shikamoo kabla hata sijamtazama vizuri. Alishinda ndani na Mama Marcelina tangu saa mbili wakihesabu. Sisi tulijaa barazani, watu kumi na saba, tumevaa vizuri kama watu wa harusi. Saa tano akatoka na ubao wake wa kuandikia, akavuta kiti, akaanza na mimi kwa kuwa nilikuwa mkubwa.

"Mzee wangu, wewe ni msomaji wa hapa?"

"Sana."

"Umewahi kuondoka na kitabu humu bila kuandikishwa?"

Nikaona mtego. Nilijua ni mtego kwa sababu aliuliza kwa upole. "Hata siku moja," nikasema. "Mama huyu ana masharti makali. Sisi tukija hapa ni kusoma magazeti, tunarudi makwetu."

"Na wengine, umewahi kuwaona wakiondoka na vitabu?"

"Sijaona."

Akaandika, nikasaini. Zuwena akafuata, akasema yeye hata kusoma hana nafasi, huja kupumzisha mgongo. Modest, aliyeacha shamba siku nzima kwa ajili hii, akasema anakuja kuchaji simu. Kila mmoja alisema alivyoweza, na kila aliyemaliza alinitazama, nami nikampa ishara ya kichwa kwamba amefanya vyema. Nilijisikia mtu wa maana siku ile, siwezi kuficha.

Erasmus akakusanya karatasi, akarudi ndani. Dirisha lilikuwa wazi. Tulisikia yote.

"Mama, rafuni havipo vitabu mia moja sitini na vitatu. Asubuhi uliniambia viko kwa wasomaji, unawaazimisha bila kadi, na kwa mwaka wanaazima zaidi ya elfu. Nilikuandikia hivyohivyo. Uliniambia nikawaulize wenyewe."

"Ndiyo."

"Nimewauliza. Watu kumi na saba. Wamesaini wote kwamba hakuna anayeazima, na hawajaona mtu akiazima. Wanasoma magazeti."

Mtu mmoja barazani akasema "Allah!" taratibu. Mimi nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi. Nilifungua mdomo nimwite Erasmus, Zuwena akanivuta shati kwa nyuma.

"Kaa, kaka," akaninong'oneza. "Ukigeuza maneno sasa hivi, atasema mama ndiye aliyetupanga. Utamuua kabisa."

Nikakaa. Kupitia dirishani Mama Marcelina alitutazama, mmoja baada ya mwingine, kama anavyofanya akitafuta nani ana kitabu gani. Alipofika kwangu hakukaa sana. Akamgeukia Erasmus, akasema, "Basi wao ndio wanaojua."

Hesabu ikafungwa hivyo. Vilivyoazimwa: arobaini na kimoja. Vitabu vilivyopotea: mia moja sitini na vitatu. Wiki mbili baadaye maktaba ikapigwa kufuli, na yeye akapewa barua ya kusimamishwa kwa upotevu wa vitabu kutokana na uzembe. Tulikuwa tumemkinga na karipio la kuvunja masharti, tukamtwisha upotevu. Lori lilikuja kubeba vilivyobaki kuvipeleka Nzega. Nilikuwa kibandani, spika ya mtu iko wazi mkononi, nikaona rafu ya kilimo inapita. Mama Marcelina hakuja kutazama. Alikuwa ameshafungasha, amerudi Kigwa kwa kaka yake, na hakuniaga.

Nilikuwa na kile kitabu cha nyuki nyumbani, juu ya kabati. Zuwena alikuwa na chake, na ninajua nyumba nyingine tisa ambazo vilikuwa vimelala humo, vimefunikwa vitambaa. Kukirudisha ni kukiri uongo. Kukaa nacho ni kuwa mwizi kweli. Mke wangu aliniambia nikitupe. Nilimkaripia, jambo ambalo sijamfanyia tangu tuoane, nikaomba radhi jioni ile ile.

Mwezi wa tano nikajitosa. Nikavaa kanzu ya Ijumaa siku isiyo Ijumaa, nikaenda kwenye ofisi ya jumuiya, nikamkuta Erasmus, nikaweka kitabu mezani.

"Nilikuambia uongo," nikamwambia. "Hiki nilikuwa nacho siku ile uliponiuliza. Mama Marcelina alisema kweli."

Alikifungua, akatazama ile karatasi ya mihuri. Ilikuwa nyeupe, haina tarehe hata moja. Akatoa faili, akanionyesha.

"Mzee wangu, hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Sasa nimwamini yupi, wewe wa Machi au wewe wa leo?" Hakuuliza kwa dharau, alikuwa anaomba nimsaidie. "Nitaandika kwamba kitabu kimoja kimepatikana. Zaidi ya hapo siwezi. Shauri limeshafungwa juu, si kwangu."

Akakipokea kitabu, akakiweka kwenye sanduku la kwenda Nzega. Kesho yake nikapanda gari la asubuhi kwenda Kigwa.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya kaka yake, anachambua karanga. Alikuwa amekonda. Nikasimama mbali kidogo, sikuthubutu kuvuta kigoda. Nikamweleza yote: "msinijali" nilivyoielewa, mtaa nilivyoupanga, ofisi nilivyokwenda. Alisikiliza bila kuacha karanga. Nilipomaliza nikasema, "Nisamehe, Mama. Tulitaka usiadhibiwe."

"Kuadhibiwa nilikuwa tayari," akasema. "Nilijiandaa wiki tatu. Nilifua hata nguo za kwendea ofisini." Akapeta karanga, makapi yakaruka. "Sikujiandaa kusikia kwamba mlikuwa mnasoma magazeti."

"Ule ulikuwa uongo!"

"Najua ulikuwa uongo. Nakaa hapa najiambia kila siku, Marcelina, ule ulikuwa uongo wa kukusitiri. Halafu ikifika jioni nasema, je, kama haukuwa? Watu kumi na saba, Fundi. Hakuna hata mmoja aliyeteleza ulimi akataja kitabu. Labda mlikuwa mnavichukua kunifurahisha tu, kwa sababu mimi ni mama wa watu, nimechoka, nimekaa pale peke yangu. Labda vilikwenda kulala juu ya makabati, vikarudi Jumatatu."

Cha nyuki kweli kilikuwa juu ya kabati.

"Ulikisoma kile?" akauliza.

"Nilikisoma."

"Kiko wapi?"

"Wamekichukua. Kimekwenda Nzega."

"Basi niambie kilichomo."

Nikakaa chini kwenye mchanga na kanzu yangu. Nikaanza vibaya, kwa woga, nikamwambia malkia, nikamwambia mizinga ya magome na ya mbao. Akanikatiza: nimechanganya, mizinga ni sura ya tatu, ya kwanza inahusu maua. Nikasema sawa, maua. Nikaendelea. Nikamweleza jinsi nyuki aliyepata maua mbali anavyorudi mzingani, kwenye giza, hana sauti ya kuwaambia wenzake, basi anacheza. Anatembea huku anatikisa mkia, anazunguka, anarudi palepale anaanza tena, na wale waliomzunguka wanamgusagusa mpaka wanaelewa ni upande gani wa jua na ni umbali gani. Nikamwambia niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini, nikatoka nje kwenda kutafuta nyuki wa kumtazama, na mke wangu akadhani nina homa. Akanisahihisha tena: anatikisa tumbo, si mkia. Nikasema ndiyo, tumbo.

Nikaeleza sura ya nne, nikaeleza ya tano, mahali nilipokosea nilijua nimekosea, nikangoja anisahihishe. Hakunisahihisha. Nilipoinua macho, mikono yake ilikuwa imetulia juu ya karanga, analia bila kujifuta. Sikunyamaza kumbembeleza. Ningenyamaza, angedhani nimefika mwisho wa nilichokisoma.